Nywele za kipilipili zikipandikizwa: utakachokiona kwenye kioo mwaka mzima

Picha nyingi zinazozunguka kwenye simu kuonyesha matokeo ya kupandikiza nywele ni za vichwa vya nywele za singa. Mtu wa mtaa wa Katuba au Kamalondo akizifanya kalenda yake, mwezi wa tano baada ya operesheni ataamini kwamba pesa zake zimeliwa, kumbe kichwa kinaendelea vizuri. Kipilipili ina mwendo wake. Halafu kuna jambo la pili: operesheni huchukua siku moja, lakini kuota huchukua mwaka, na mwaka huo unaumalizia hapa Lubumbashi. Ukishashuka uwanja wa ndege wa Luano ukitoka kupandikizwa Istanbul, daktari wako amekuwa namba ya WhatsApp. Kwa hiyo jifunze mwenyewe kusoma kichwa chako.

Kila kipandikizi ni kipande kidogo cha nyama chenye unywele mmoja hadi minne, kilichochukuliwa kisogoni. Ile ya unywele mmoja mmoja huwekwa mbele kabisa, kwenye mpaka wa paji la uso, ili mstari usionekane kama wa mwanasesere. Yenye nyingi hurudishwa nyuma. Siku za kwanza kila kimoja huzungukwa na kigaga cha damu kavu. Hapo usikune. Kipandikizi kinahitaji kama siku kumi kushika sawasawa, na kikitoka kabla ya hapo utajua: panavuja damu. Kuosha huanza siku ambayo kliniki imekuambia, mara nyingi ya pili au ya tatu, kwa povu la shampuu laini linalogusishwa tu na vidole, kisha maji ya vuguvugu yanamwagwa polepole kwa kopo. Maji ya bomba yenye nguvu hapana, na siku ambayo bomba limekauka, weka maji safi kwenye bidoni mapema kuliko kuruka zamu ya kuosha. Vigaga vinavyoachwa kukauka hadi wiki ya tatu hugeuka vigumu na kuanza kuwasha, na mkono hauna adabu usiku.

Kati ya wiki ya pili na ya sita nywele zilizopandikizwa hunyonyoka. Hapa ndipo simu za usiku huanza. Chukua moja uiangalie kwenye mwanga: chini ina kichwa kidogo cheupe, kama yai la chawa. Watu huona hicho wakadhani ni mzizi uliong'oka. Sio. Ni ncha ya unywele uliomaliza zamu yake. Kiwanda chenyewe kimebaki ndani ya ngozi, kimelala kwa sababu ya mshtuko wa kuhamishwa. Wakati mwingine hata nywele za zamani zilizo jirani hunyonyoka pamoja nazo, na zile ambazo hazikuwa zimedhoofika sana hurudi baada ya miezi michache. Mwezi wa pili na wa tatu, basi, ni kawaida kuonekana vibaya kuliko kabla ya operesheni.

Kuanzia mwezi wa tatu au wa nne kuna kitu kinaanza. Usitafute nywele, tafuta nukta. Pitisha kidole kinyume na upande zinakoelekea: ngozi inakwaruza kidogo, kama kidevu siku moja baada ya wembe. Kisha hutokea malaika, nywele nyembamba zisizo na weusi kamili, nyingine zikiwa ngumu na zimepinda ovyo. Hazitoki zote siku moja. Sehemu moja ya panja inaweza kutangulia nyingine kwa wiki kadhaa, na hilo peke yake si dalili ya ubaya.

Hapa kipilipili inaachana na singa. Unywele wa singa wa sentimita mbili unaonekana sentimita mbili. Wa kipilipili unajikunja mara tu unapotoka, unakaa karibu na ngozi, na macho yanaona milimita chache tu. Tena nywele zetu hurefuka polepole zaidi kidogo kuliko ile sentimita moja kwa mwezi inayosemwa kila mahali. Kwa hiyo mwezi wa tano unaona punje nyeusi zilizotawanyika, na ngozi katikati yake. Subiri unywele upate mzunguko kamili: punje zinashikana, na kivuli kinafunika ngozi ndani ya muda mfupi sana. Faida ni kwamba kwa idadi ileile ya vipandikizi, kipilipili hufunika kuliko singa. Kucheleweshwa kwanza, kulipwa baadaye.

Kupima kwa macho ya shemeji hakufai. Kata tundu la sentimita moja kwa moja kwenye kadi ngumu, liweke mahali palepale kila mara (kwa mfano vidole vitatu juu ya nyusi, usawa wa katikati ya jicho, kama hapo palipandikizwa), piga picha karibu na dirisha lilelile, nywele zikiwa kavu, tarehe ileile ya mwezi. Hesabu baadaye kwenye picha iliyokuzwa. Kwa urefu, vuta unywele mmoja polepole kando ya rula ndipo usome. Kwa kawaida huwekwa vipandikizi 30 hadi 40 kwa kila sentimita ya mraba, kwa hiyo ukihesabu nywele 15 mwezi wa tano usilie. Ukihesabu 15 mwezi wa kumi na mbili, mpigie daktari na umtumie picha zote.

Vipele mwezi wa tatu na wa nne ni vya kawaida: unywele uliopinda unashindwa kupata njia ya kutokea. Kitambaa safi chenye maji ya moto ya kuvumilika, dakika kumi, mara mbili kwa siku. Usikamue. Vikiwa vingi, vikiuma na kutoa usaha, nenda kwa daktari wa ngozi, usinunue antibiotiki sokoni kwa kubahatisha. Kovu la kisogoni linaloinuka, gumu, linalowasha na kuzidi mpaka wa kidonda, ni keloidi. Lionyeshe mapema, likiwa dogo. Mtu ambaye tayari ana vinundu kisogoni kila akinyolewa alipaswa kusema hivyo kabla ya operesheni.

Wa mgodini wana shida yao: kaske, ile kofia ngumu ya kazi. Inabana palepale palipopandikizwa, na jasho ndani yake halitoki. Panga likizo ya wiki tatu au nne; likizo ya wiki moja ni kujidanganya. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, vumbi jekundu huingia kila mahali, kwa hiyo kofia laini, pana, isiyogusa mbele, pale daktari atakaporuhusu. Kwa kinyozi, mkasi baada ya mwezi. Mashine inayogusa ngozi ingoje mwezi wa tatu, na meno yake yasafishwe kwanza mbele yako.

Kwa kina mama neno ni kali zaidi. Kama nywele za mbele ziliondoka kwa misuko ya kubana, kupandikiza kisha kurudia misuko ileile ni kulipa mara mbili. Na upara wa mwanamke unaoanzia utosini, ukiwa na ngozi laini inayong'aa isiyo na vitundu, unaweza kuwa ugonjwa unaogeuza mizizi kuwa kovu. Ugonjwa huo ukiwa bado unafanya kazi, vipandikizi vinaweza kuota kwanza, halafu ugonjwa ukaondoka navyo. Daktari akate kwanza kipande kidogo cha ngozi kipimwe.

Kinachoharibu kazi yote mara nyingi hutokea siku ya operesheni yenyewe. Mzizi wa kipilipili umepinda chini ya ngozi kama mundu, na fundi anayechoma wima anapoutoa kisogoni huukata katikati; uliokatwa hivyo unaweza usiote tena, hapa wala kisogoni ulikotoka. Kabla ya kulipia vipandikizi 2,500, omba wajaribu vichache, uonyeshwe vilivyotoka vizima. Kliniki inayokataa jaribio hilo, iache.

Mwezi wa tisa sehemu kubwa imeshatoka, mwezi wa kumi na mbili unaweza kuhukumu mbele, na utosi uupe hadi mwezi wa kumi na tano au kumi na nane. Duru ya pili isijadiliwe kabla ya hapo: kisogo hakioti nywele upya, na kila kipandikizi kinachotolewa huko kimetolewa milele.