Karatasi ya mjomba

Leo nimechukua majibu ya maabara. Lehemu, yaani mafuta ya kwenye damu, kawaida; LDL, ile lehemu mbaya, kawaida. Zamani ningefurahi. Nimeikunja karatasi, nikaitia mfukoni, nikamkumbuka mjomba.

Mjomba ni fundi bomba, Tanga. Mwaka juzi alipata majibu mazuri kama haya, akaipeleka karatasi steshenari ikapigwa leminesheni. Ikawa ndiyo kibali chake: mishkaki kila jioni, vidonge vya presha vikasahaulika kabatini. Miezi saba baadaye mshtuko wa moyo ulimkuta amechuchumaa chini ya sinki la mteja. Alidhani ni kiungulia, akamalizia kwanza kukaza nati. (Ndivyo alivyo.)

Nilipomtembelea wodini akaninong'oneza: "Mjomba, wale walipima maji, hawakupima bomba."

Daktari alimsikia, akacheka, lakini hakumwachia. Mshipa si bomba, mzee. Mafuta hayagandi kwenye tundu kama kutu. Hujipenyeza ndani ya ukuta wenyewe, kama unyevu nyuma ya plasta. Ukuta ukinenepa, mshipa hutanuka kwa nje na damu inaendelea kupita. Baadaye nilisoma kwamba mtafiti Seymour Glagov na wenzake walilionyesha hilo mwaka 1987: njia ya damu huanza kubanwa pale utando wa mafuta unapofikia kama asilimia 40 ya nafasi ya mshipa. Kabla ya hapo mtu anapanda ngazi wala hahemi. Halafu siku moja plasta inapasuka, damu inaganda palepale.

Tim Russert, mtangazaji wa televisheni ya NBC ya Marekani, alijulikana ana ugonjwa huo wa mishipa ya moyo na dawa alikuwa anakunywa. LDL yake ilikuwa nzuri, chini ya 70, na Aprili 2008 alifaulu kipimo cha moyo cha mazoezi. Juni 13 akaanguka kazini, Washington, akafa, ana miaka 58.

Sisemi kipimo cha lehemu ni bure. LDL ikipanda ni hatari kweli. Ila namba ile ni ya asubuhi ile, na ukuta una kumbukumbu za miaka 30 ya sigara, presha na sukari. Tena kuna Lp(a), mafuta ya kurithi, ambayo kwenye karatasi yangu hayamo kabisa.

Ya kurithi. Jioni nikampigia mama, nikamuuliza babu alikufa na nini.

Akanyamaza kidogo. "Alikuwa anapanda ngazi za msikiti," akasema. "Hakuwa anaumwa."