Saa 18 Angani: Kutoka Changi hadi New York Bila Kutua

Tulipoacha lami ya uwanja wa ndege wa Changi, Singapore, mchana wa Juni, kioo kilicho mbele ya kiti changu kilionyesha kwamba zimebaki saa 18 na dakika kadhaa kufika uwanja wa John F. Kennedy. Hakuna safari ya ndege ya abiria yenye ratiba inayokwenda mbali kuliko hii bila kutua: kilomita 15,300 na ushee.

Umbali huo ni wa njia ya mkato. Chukua tufe la dunia, vuta uzi kutoka Singapore hadi New York, nao utapita karibu kabisa na Ncha ya Kaskazini. Sisi hatukupita huko. Tulikunja kona mashariki, tukaiacha Taiwan, tukapita kando ya Japani, tukaingia Pasifiki. Kwa kilomita ni kuzunguka. Kwa saa ni nafuu, maana huko juu, karibu mita 10,000 na zaidi, kuna mkondo wa upepo mkali uvumao kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege hii hukata hewa kwa takriban kilomita 900 kwa saa, lakini upepo ulipotushika kwa nyuma nikaona kioo kikisoma zaidi ya 1,000. Ndiyo maana mtu akiniuliza New York ni mbali kiasi gani, kilomita simtajii.

Ndege yenyewe ilikuwa Airbus A350-900ULR, iliyoundwa kwa masafa kama haya. Hubeba hadi lita 165,000 za mafuta, ila viti ni 161 tu, na daraja la kawaida halimo kabisa. Abiria wachache, mafuta mengi. Hesabu ni hiyo, na nauli nayo inaifuata.

Kuhusu kukaa sina mengi: unakula, unalala, unaamka, bado ni bahari. Miguu huvimba, basi nilikuwa nikisimama kutembea kwenye ujia kila nikiamka. Kilichonichanganya ni jua. Lilizama tukiwa Pasifiki, tukavuka mstari wa tarehe, ambapo anayekwenda mashariki hurudisha kalenda nyuma siku moja, likachomoza tena, na asubuhi hiyo ilikuwa ya tarehe ileile tuliyoondokea! Tulitua jioni ya siku hiyohiyo. Wakati wa majira ya joto ya New York, tofauti ya saa kati ya miji hii ni 12 kamili, hivyo saa yangu ya mishale sikuigusa. Mwili ndio uliokataa kusadiki.

Kurudi, marubani huchagua njia kulingana na upepo wa siku. Mara nyingi huvuka Atlantiki na kupita Ulaya, wakielekea mashariki tena. Ikitokea hivyo, abiria aliyenunua tiketi ya kwenda na kurudi huwa ameizunguka dunia nzima.