Kwani Uji Si Mai?

Karatasi ya mtaalamu wa lishe niliikunja mara nne nikaitia ndani ya mkoba, na mkoba nikaukumbatia kutoka Mombasa hadi gati la Mokowe kana kwamba ndani mna dhahabu. Ulikuwa ukurasa mmoja tu. Juu iliandikwa siku 14 za maji tu, na chini yake vitu vya kunywa: unga wa protini wa kukoroga na maji mara nne kwa siku, maziwa yaliyotolewa mafuta, supu iliyochujwa isibaki hata nyuzi ya samaki, chai na kahawa bila sukari, maji lita 2. Ukijumlisha vyote hupati zaidi ya kalori 800 hivi kwa siku. Siku ya 15 ningelazwa kwa upasuaji wa kupunguza tumbo.

Mama anasoma herufi za Kiarabu. Hizi za Kizungu zinamchosha macho. Kwa hivyo nilimsomea jikoni, yeye anakanda unga wa mahamri. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na uji?"

"Uji hapana, mama."

"Kwani uji si mai?"

Kwetu Amu, yaani Lamu, maji ni mai na njaa ni ndaa, na mwanamke wa umri wa mama akishauliza swali la namna hiyo huwa hangoji jibu. Aliendelea kukanda. Baada ya muda akainua kichwa tena. "Na tui? Tui nalo si mai?"

Huo ulikuwa mwaka 2019. Nilikuwa na kilo 124 na urefu wa sentimita 160. Kwa asiyezijua njia za mtaa wa Langoni, hesabu hiyo naieleza hivi: punda mwenye mzigo wa mchanga akija, watu hujibana ukutani naye akapita. Mimi nilikuwa nikijibana, na bado mwenye punda alilazimika kumrudisha nyuma mpaka kwenye kona. Wengi walikuwa na adabu zao, wakijifanya wanafunga kamba za mzigo. Mmoja aliwahi kumwambia punda wake, "Ngoja, meli inapita." Nilicheka naye. Nikafika nyumbani, nikala mahamri sita nimesimama.

Sukari nayo ilikuwa imeingia mwaka wa sita. Kila asubuhi nilimeza vidonge viwili, metformini na glibenklamaidi, na mtunzaji wake alikuwa mama. Alivipanga kwenye kisahani cha finjani kando ya birika, tangu siku niliyopimwa mara ya kwanza. Baba alikufa na ugonjwa huohuo. Mama hakutaka mchezo na vile vidonge.

Mtaalamu wa lishe, binti mdogo kwangu kwa miaka kumi, alikuwa amenichorea picha nyuma ya bahasha. Ini, alisema, lina upande wa kushoto unaolala juu ya tumbo kama kifuniko juu ya sufuria. Daktari hakupasui, anaingia kwa matundu madogo na kamera, na kulifikia tumbo lazima akiinue kile kifuniko kwa chuma chembamba. Ini la mtu kama mimi limejaa mafuta. Ni kubwa, zito, na likiguswa vibaya huchanika likavuja damu. Ndani yake mna pia akiba ya sukari, na kila gramu ya akiba ile imeshika gramu tatu hivi za maji. Mtu akinyimwa wanga wiki mbili, ini hula akiba yake, maji hutoka, mafuta hupungua, kifuniko huwa chepesi. Daktari akikuta hakiinuki, itambidi apasue tumbo lote, au aahirishe akurudishe kwenu.

Kwa hiyo neno "maji" halikuwa lenyewe hasa. Uji ni unga, na unga tumboni ni sukari. Tui ni mafuta. Hata dafu lilikatazwa. Nilimweleza mama yote haya kwa ile picha ya bahasha, naye akaitazama, akasema, "Basi wangeandika ini, wasiandike mai." Mpaka leo sijapata la kumjibu.

Nilidhani nitaweza kwa sababu nimefunga Ramadhani tangu utotoni. Sikufikiria kwamba saumu ina magharibi yake. Jua likizama kuna tende, kuna uji, kuna kaimati, kuna nyumba nzima inayongoja pamoja nawe. Hii yangu jua lilizama nikapewa bilauri ya unga wa ladha ya vanila, nikainywa pekee yangu ngazini.

Na kulikuwa na suala la hamri la kwanza. Mama huamka kabla ya alfajiri kukaanga mahamri ya kuuza. Watoto huja na sahani zao baada ya sala. Tangu nikiwa na miaka saba, hamri la kwanza kutoka kwenye karai ni langu. Si zawadi, ni kazi: mimi ndiye mwonjaji, ndiye ninayesema iliki imepungua au sukari imezidi. Asubuhi ya siku ya kwanza aliliopoa, akaliweka kwenye sahani yangu, akalitazama. Halafu akalimegua akamtupia paka. Paka wa Amu hawachagui.

Siku ya pili na ya tatu sina mengi ya kusema isipokuwa kichwa. Kiligonga kama mafundi wanapopiga kalafati jahazini. Kinywa kilianza kutoa harufu ya ile dawa ya kufutia rangi ya kucha, na dukani, nilikoshika hesabu za saruji na mabati, nikawa naongea na wateja kiganja mdomoni. Niliambiwa mapema kuwa ni dalili mwili umeanza kuchoma mafuta. Kujua hakupunguzi harufu.

Siku ya nne ndiyo ninayotaka kuisimulia.

Maulidi ya Msikiti wa Riyadha yalikuwa yametukuta. Mwezi wa Mfungo Sita ukifika mwishoni, Amu hujaa; kwetu waliteremka khaloo, dadake mama, kutoka Malindi na binti zake watatu, na jamaa wengine wa Mombasa ambao mpaka leo sijui udugu wetu unapitia wapi. Ua lilikuwa na sufuria ya pilau ambayo mtoto angeweza kuoga ndani yake. Siri ya upasuaji tulikuwa nayo mimi na mama tu. Wageni waliambiwa nina vidonda vya tumbo, na kila mmoja akawa na dawa yake. Khaloo alitaka niandikiwe kombe, aya za kuoshwa kwa maji nikanywa. Mmoja wa wale wasiojulikana udugu wao alisifu supu ya pweza, kwa vidonda na kwa mengineyo ambayo hakuyataja mbele ya mama.

Katika ile karatasi kulikuwa na mstari mmoja ambao sikumsomea mama. Metformini niendelee, glibenklamaidi niache tangu siku ya kwanza, kwa sababu kidonge hicho kinasukuma sukari ishuke, uwe umekula au hukula. Niliona ni jambo langu. Siku tatu nilichukua kidonge kimoja kisahanini nikaacha cha pili. Mama aliviona vile vitatu vimelala pale. Akaona nimekuwa msahaulifu kwa njaa. Asubuhi ya siku ya nne, jikoni kumejaa wanawake na moshi, alinishika mkono, akanitia vidonge kiganjani na kikombe cha maji. Nikameza bila kuangalia.

Saa nne na kitu nilikuwa dukani najumlisha mifuko ya saruji. Nambari zikaanza kuogelea. Jasho likanitoka, baridi, mgongoni na juu ya mdomo; kalamu ikacheza. Nikadhani ni njaa, nikajiambia wewe si ulijitakia. Nikaomba ruhusa. Kutoka dukani hadi kwetu ni dakika tano kwa Usita wa Mui, njia kuu ya mji, lakini nilikaa kwenye baraza za watu mara tatu. Baraza ya tatu mtoto mmoja wa wateja wa mahamri alinitazama, akakimbia kumwita mama.

Alikuja na kile kidude cha kupimia sukari cha baba, kanga moja, miguu mitupu, njiani mchana kweupe. Mama yangu, ambaye hatoki bila buibui. Kikasoma 2.8, sukari iko chini mno.

"Umekula nini?"

"Sijala. Siruhusiwi."

Alikuwa na chupa ya asali mkononi. Nilijaribu kumkumbusha juu ya ini, nakumbuka ulimi haukutaka kulitamka neno lenyewe.

"Nyamaza. Fungua kinywa."

Kijiko kikubwa kimoja, akangoja nimeze, na kingine. Nimekula vitu vingi vizuri maishani, ushahidi ulikuwa kiunoni, lakini sijapata kuonja kitu kama asali ile. Niliisikia ikipita mpaka kwenye masikio. Baada ya dakika 15 kidude kikasoma 4.6, na mama akaketi kando yangu kwenye baraza ya watu, akajifunika uso na kanga.

Simu nilimpigia yule mtaalamu nikiwa bado palepale. Aliuliza swali moja: umemeza kidonge gani? Nikamtazama mama. Mama akafungua pindo la kanga. Vile vitatu alikuwa amevifunga humo, aje kunionyesha usahaulifu wangu. Kikakosekana cha siku ile.

Yule binti alisema sauti tulivu kwamba kidonge kile hukaa mwilini saa nyingi na sukari inaweza kushuka tena, kwa hivyo niende hospitali mara moja nikapimwe kila saa. Nilikaa huko mpaka baada ya magharibi. Kabla ya kukata simu aliongeza kwamba asali pekee haitoshi, haikai, nipate na kitu kidogo cha wanga. Nilikuwa nimeweka sauti ya nje, mama anasikia.

"Kama nini, dada?" nikauliza.

"Uji mwepesi. Kikombe kimoja tu."

Mama hakusema kitu. Aliuleta wodini kwenye chupa ya chai, wa mchele, mweupe, bila tui wala sukari, akaumimina kikombeni polepole mpaka ukingoni, akanipa.

"Mai," akasema.

Usiku ule, wageni wote wamekwenda Riyadha, na dufu zinasikika mpaka kwetu, alinitaka nimsomee karatasi upya. Si kwa kupitia, neno kwa neno. Akachana ukurasa wa kalenda, akageuza nyuma, akaandika yeye mwenyewe kwa herufi zake, kutoka kulia kwenda kushoto: maziwa, supu, unga wa protini kwa vipimo, na mstari wa vidonge aliupigia wino mara mbili. Akaubandika juu ya meko. Tangu hapo sikuwa tena na amri. Supu ya samaki aliichuja kwa kifumbu kilekile cha tui, mara mbili, halafu kwa kitambaa. Khaloo alipokaribia na sahani ya pilau alitolewa jikoni kwa maneno ambayo dada wawili hawapaswi kuambiana mbele ya wageni. Na hamri la kwanza alianza kulionja mwenyewe, akinieleza: leo iliki imezidi kidogo, leo limeumuka sawasawa. Nikawa nasikiliza hamri.

Siku ya 13 tulivuka kwenda Mokowe. Barabara ya Witu hadi Garsen ilikuwa bado ikitengenezwa, basi likitikisika na vizuizi vya polisi havikwishi. Mama alipakata chupa mbili za supu njia nzima. Mizani ya hospitali ilisema 117. Kilo saba, nyingi zake maji, alisema muuguzi, nisizifurahie sana.

Upasuaji siujui, nililala. Daktari alipita jioni na kusema ini liliinuka bila taabu. Mama alimtaka arudie.

Asubuhi yake muuguzi alileta kikombe kidogo cha plastiki: mililita 30 za maji, nimalize kwa dakika 15, kidogokidogo, nisigugumie. Mama alikitazama kile kikombe bila heshima. Akafungua mkoba akatoa finjani yetu ya kahawa, ile yenye mstari wa dhahabu, imefungwa ndani ya leso. Alikuwa ameipima nyumbani kwa bomba la dawa la mtoto wa jirani. Nusu yake, akamwambia muuguzi, ni 30 kamili. Muuguzi akapima, akacheka, akakubali.

Nilikunywa. Mama akahesabu dakika kwa tasbihi.

"Na uji?" akamuuliza muuguzi, kwa upole kabisa.

"Wiki ya tatu, mama. Na uwe mwepesi."

Mama akatoa ule ukurasa wa kalenda, akaulaza gotini, akatafuta kalamu.