Kola 14

Leo jioni nimekaa sakafuni pembeni ya meza ya kukatia, nahesabu mashati ya kufumua. 14. Yote sare za shule, yote kola imepinda upande wa kushoto.

Wiki nzima nilikuwa namlaumu fundi mmoja. Moyoni nilishasema hana umakini.

Leo nikakumbuka alichosisitiza Taiichi Ohno, mhandisi wa kampuni ya magari ya Toyota: ukikuta kasoro, uliza "kwa nini" mara tano.

Kwa nini kola imepinda? Vipande havilingani.
Kwa nini? Vimekatwa hivyo.
Kwa nini? Mstari wa chaki umeenda kombo.
Kwa nini?

Nikachukua kile kipande cha boksi gumu tunachochorea kola, nikapitisha kidole ukingoni. Pembe ya kushoto imelika, imekuwa laini kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni.

Boksi! Miaka miwili tunalichorea, hakuna aliyelitazama.

Nikamwomba fundi radhi mbele ya wenzake. Akainamia cherehani, akasema taratibu, "Dada, hizo kola nilikuwa nalala naziwaza."

Hapo ndipo nilipoumia. Kitambaa kitanunuliwa kingine.

Tumekata boksi jipya. Kuanzia kesho, kola ya kwanza inapimwa kabla ya kushona ya pili. Mashine ya kufuma vitambaa ya Sakichi Toyoda, baba wa mwanzilishi wa Toyota, ya mwaka 1924 ilisimama yenyewe uzi ukikatika. Sisi itabidi tujisimamishe wenyewe.

Ndugu zangu wenye karakana, mmewahi kumlaumu mtu kumbe kosa liko kwenye kifaa? Mligunduaje? Niandikieni hapa, nasoma zote usiku huu.