Ini likiumia kwa parasetamoli, kinga ya mwili inafanya nini?

Nafanya kazi maabara, upande wa kemia ya damu, na kuna sampuli moja hunidanganya macho kila ikija. Ni ya mtu aliyezidisha parasetamoli. Ukiitoa kwenye sentrifuji, mashine inayozungusha damu ili itengane, seramu, yaani maji ya damu yanayobaki juu, inaonekana ya kawaida kabisa, manjano hafifu, wala huwezi kudhani kuna ini linalokufa humo. Unaiweka kwenye mashine, mashine inakataa kutoa namba ya ALT, kimeng'enya kinachovuja kwenye damu seli za ini zikiumia: imepita kikomo. Basi unachukua sehemu moja ya seramu na sehemu tisa za maji ya chumvi, unachanganya taratibu, unapima upya, unazidisha kwa kumi. Kwa mtu mzima mwenye afya ALT haivuki sana 40 au 50. Hapa unaandika elfu nne, elfu saba, na zipo zinazovuka elfu kumi. Rangi ya manjano yenyewe, ile ambayo kila mtu huitafuta machoni pa mgonjwa, mara nyingi huja baadaye.

Kinachonivutia ni kwamba namba hiyo hufika kileleni siku ya tatu au ya nne, wakati dawa yenyewe imeshapungua sana kwenye damu, au imekwisha kabisa. Sasa siku hizo ndani ya ini kunaendelea nini?

Kwa dozi ya kawaida, ambayo kwa mtu mzima haitakiwi kuvuka gramu 4 kwa siku (vidonge 8 vya miligramu 500), ini huifunga parasetamoli nyingi na kuitoa kwa mkojo bila shida. Sehemu ndogo hupitia kimeng'enya kiitwacho CYP2E1 na kugeuka kitu kikali, NAPQI. Glutathaioni, akiba ya ini, hukidaka papo hapo. Msingi wa maelezo hayo uliwekwa na watafiti wa Marekani mwaka 1973, na mpaka leo umesimama. Dozi ikizidi, akiba inakwisha, NAPQI inanata kwenye protini za mitokondria, viwanda vya nishati vya seli, nishati inakatika, seli inapasuka. Seli zinazotangulia kufa ni zile zinazozunguka mshipa wa kati wa kila kipande kidogo cha ini, kwa sababu ndiko CYP2E1 ilikojaa.

Hapo ndipo kinga ya mwili inapoingia, na inaingia bila kuwepo mdudu hata mmoja. Seli iliyopasuka inamwaga vilivyomo ndani yake: protini ya HMGB1, na vipande vya DNA ya mitokondria. Mitokondria zina asili ya bakteria wa zamani sana, kwa hiyo DNA yao inafanana na ya bakteria. TLR9, kipokezi cha seli za kinga, kikikutana na DNA hiyo iliyomwagika nje ya seli yake kinapiga king'ora kana kwamba kuna maambukizi. Nimeisoma habari hii mara nyingi na bado inanishangaza: mwili unajishtukia kwa vitu vyake wenyewe.

Wa kwanza kusikia ni seli za Kupffer, makrofaji (seli za kinga zinazomeza mabaki) wakazi wa ini, waliopewa jina la mwanasayansi Mjerumani, Kupffer. Wanatoa kemikali za kuita wenzao. Nyutrofili, aina ya seli nyeupe za damu, zinafika ndani ya saa chache na kujaa kwenye sehemu iliyokufa. Monositi, aina nyingine ya seli nyeupe, zinafuata, zikiitwa na kemikali ya CCL2.

Je, hawa waliokuja wanaongeza uharibifu au wanasafisha? Wataalamu wamebishana miaka mingi. Kuna maabara zilizowaondolea panya nyutrofili zikaona ini haliumii sana kama kawaida. Nyingine zilifanya vivyo hivyo zisione tofauti. Mwaka 2002 watafiti waliwaondolea panya seli za Kupffer kabla ya kuwapa dawa, na ini likaharibika zaidi badala ya kupona. Halafu kuna kisa cha DMSO, kimiminika cha kuyeyushia dawa: ikaja kuonekana kwamba chenyewe huamsha seli za kinga, hivyo baadhi ya lawama zilizobebeshwa seli hizo zilikuwa za kiyeyushi. Mtu wa maabara akisoma hayo anatabasamu.

Mimi naegemea upande wa wasafishaji. Mauaji makubwa yanafanyika ndani ya seli ya ini yenyewe, kwenye mitokondria. Monositi zinazogeuka makrofaji ndizo zinazomeza mabaki na kufungua njia ya seli mpya kuota. Tena mgonjwa ambaye ini limeshindwa kabisa, kinga yake huja kuzama, na maambukizi humvamia wakati huo. Kukimbilia kuizima kwa dawa si jambo la kuchezea.

Diklofenaki, dawa nyingine ya maumivu inayoweza kuumiza ini, ni habari nyingine, na inaudhi watu wanapoichanganya na parasetamoli. Kwayo hakuna dozi unayoweza kusema hapa ndipo hatari inapoanzia. Wengi wanaimeza salama. Wachache mno ini linaumia baada ya wiki au miezi. Inadhaniwa kwamba mabaki ya dawa hunata kwenye protini za mtu, na kinga ikaziona kama ngeni. Ushahidi ulio wazi zaidi ulitoka kwa ndugu yake, dawa ya lumiracoxib, iliyoondolewa sokoni Australia mwaka 2007 kwa sababu ya ini. Mwaka 2010 ilionekana kwamba walioumia walikuwa wakibeba zaidi aina fulani za jeni za HLA, zile zinazoamua kinga ioneshwe nini. Huku ndiko kinga inakoweza kuwa mshitakiwa mkuu.

Kwa parasetamoli, dawa tuliyo nayo haigusi kinga: ni asetilisisteini, inayorudisha akiba ya glutathaioni, na ikiingia ndani ya saa 8 karibu kila ini linaokoka. Uamuzi wa kumpa mgonjwa dawa hiyo mara nyingi unategemea kiwango cha parasetamoli kwenye damu iliyotolewa saa 4 au zaidi baada ya kumeza, kinachosomwa kwenye grafu iliyoanzia mwaka 1975. Kwa hiyo fomu ikinifikia haina saa ya kumeza wala saa ya kutoa damu, naacha kila kitu napiga simu wodini. Namba peke yake, bila saa, haina pa kuwekwa kwenye grafu hiyo.