Parkinson sio kutetemeka tu jamani

Watu wakisikia Parkinson wanawaza mkono unaotetemeka, basi. Hata James Parkinson mwenyewe alivyouelezea huu ugonjwa mwaka 1817 aliandika kwamba akili ya mgonjwa haiguswi, na mpaka leo mgonjwa akianza kukwama kichwani utasikia ni uzee huo, au anadeka.

Mi namuuguza mzee wangu na kutetemeka tushazoea, shughuli ni hiki kingine. Unamuuliza kitu, kimya. Unarudia kwa sauti, shangazi anamjibia (shangazi ndo bingwa wa kujibia watu), mnahamia mada nyingine kabisa alafu mzee ndo anatoa jibu la lile swali la mwanzo, na ni sahihi kabisa. Yaani ile dopamini (kemikali ya kwenye ubongo) inayopungua mwendo ukawa mzito ndo hiyohiyo ubongo unaitegemea kupanga mambo, kutoka jambo moja kwenda jingine, kushika mawili kwa mpigo. Ndo maana akiwa amebeba kikombe ukamsemesha, anasimama kwanza. Au asisimame, ambayo ni mbaya zaidi, anajibu huku anaenda, hatua zinafupika, maji yanamwagika, anapepesuka. Siku hizi akitembea hatumsemeshi.

Kusahau nako kuna namna yake. Jina la rafiki yake wa siku zote linagoma, mpe silabi ya kwanza tu, hilo hapo limekuja na la ukoo juu. Kwa wengi, hasa miaka ya mwanzo, jambo limo ila kulitoa ndo mbinde, tofauti na Alzheimer (ule ugonjwa mwingine wa kupoteza kumbukumbu) ambako mara nyingi hata umdokezee vipi halipo.

Ila chekini dawa. Artane, yaani benzeksoli, inatuliza kutetemeka lakini kwa mzee inaweza ikavuruga kumbukumbu, hata akaona vitu ambavyo havipo. Msiikatishe kienyeji, ongeeni na daktari. Na mtu akibadilika ghafla, juzi mzima leo hajui yuko wapi, msisingizie Parkinson, yenyewe haiendi mbio hivo, mpelekeni akapimwe mkojo, aangaliwe kama kapungukiwa maji au kuna dawa mpya kaanzishiwa. Mzee wangu ilikuwa maambukizi ya mkojo, akapewa antibayotiki na baada ya siku chache akawa ananisahihisha hesabu za matumizi ya nyumbani, polepole, na alikuwa sahihi.