Jinsi nilivyojitosheleza kwa maji bila mfereji, Mwakirunge, Mombasa

Maji ya mfereji ya Mombasa hutoka Mzima, Marere, Baricho na Tiwi. Hakuna chanzo hata kimoja kilichomo ndani ya kaunti. Nchi ikisambaratika, mfereji utakauka mapema. Ndiyo maana nyumba yetu ya shamba nilianza na maji. Mihogo na kuku baadaye.

Kisima kina chumvi, kikabaki cha kufulia. Upande mmoja wa paa niling'oa makuti, nikaezeka mabati, kwani maji ya makuti hutoka rangi ya chai. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 10 kwa 5 likipata milimita 20, ni lita 1,000. Ukitoa yanayopotea, kadiria 800. Fundi alifunga gata, kisha bomba la pembeni lenye kizibo chini, linalomeza maji ya kwanza yenye vumbi na mavi ya kunguru (na kunguru wa Mombasa mnawajua) kabla tangi halijaanza kujaa. Mdomo wa tangi una wavu, maana mbu wa kidingapopo hupenda maji safi.

Ya kunywa twachemsha. Kuni zikiadimika, twayalaza juani kwa muda wa saa 6 katika chupa angavu za plastiki. Kiangazi cha Januari bado kinabana. Tangi la pili laja kabla ya masika.